Kijana, Rununu na Maarifa: Je, Kuzaliwa Katika Enzi ya Dijitali Ni Kuijua?

Utangulizi

Kuna kauli iliyozoeleka mno katika vikao vya wazazi, hotuba za wanasiasa na hata kumbi zetu za mihadhara: kwamba kijana wa leo hahitaji kufundishwa teknolojia maadamu amezaliwa nayo. Mtoto wa miaka mitatu, tunaambiwa, huitwaa rununu ya mamake akaifungua na kuitafuta katuni aipendayo, ilhali babu yake angali anauliza kitufe cha kupokelea simu kiko wapi. Kauli hii ina asili yake. Mnamo mwaka wa 2001, mwandishi Mmarekani Marc Prensky alichapisha makala ambamo aliwagawa watu katika mafungu mawili: wenyeji wa ulimwengu wa dijitali, yaani wale waliozaliwa ukiwepo, na wahamiaji, yaani wale walioingia humo ukubwani. Istilahi hizo ziliwapendeza wengi, zikavuma, na hadi leo zinaathiri jinsi tunavyoipanga elimu. Iwapo kijana ni mwenyeji, ya nini kumwonyesha njia za kwao?

Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba kauli hiyo imebeba nusu tu ya ukweli, na kwamba nusu inayokosekana ndiyo inayowagharimu vijana wetu alama, muda na wakati mwingine heshima. Prensky mwenyewe, katika makala ya mwaka wa 2009, aliona kwamba mgawanyo wake ulikuwa ukipungua umuhimu, akapendekeza badala yake tuzungumzie hekima ya dijitali. Bahati mbaya ni kwamba makala ya pili haikusomwa kama ya kwanza. Nitaegemea zaidi hali ya Kenya, na kwa kuwa jarida hili ni la wanafunzi wa Kiswahili, nitatua kwa kitambo kwenye suala la lugha ambalo wataalamu wa teknolojia aghalabu hulipuuza.

Kitabu kisichokuwepo

Naomba nitoe kisa. Muhula mmoja nilikuwa nikimsaidia mhadhiri kusahihisha kazi za wanafunzi wa mwaka wa kwanza katika kozi ya utangulizi wa fasihi. Kazi moja ilinivutia. Lugha yake ilikuwa nyoofu, hoja zake zimepangika, na mwanafunzi alikuwa amerejelea kitabu cha uhakiki wa riwaya fulani ya Kiswahili ambacho sikuwahi kukisikia, licha ya kwamba riwaya yenyewe ndiyo niliyokuwa nikiishughulikia katika tasnifu yangu. Jina la mwandishi lilikuwa la mtaalamu halisi. Mchapishaji alikuwa halisi. Mwaka ulitajwa, na nambari ya ukurasa pia. Nilijionea haya: nimepitwaje na kitabu muhimu kiasi hicho? Nilipoteza karibu nusu siku maktabani nikiipekua katalogi, nikamwendea mkutubi, na hatimaye nikamwuliza mtu aliyefanya kazi na mtaalamu huyo kwa miaka mingi. Kitabu hicho hakijapata kuandikwa.

Nilipomwita mwanafunzi, hakukana. Alikuwa ameiuliza programu ya akili unde kwenye simu yake, ikamjibu kwa Kiswahili fasaha, naye akanakili. Kwamba alinakili halikunishangaza. Wanafunzi walinakili hata zama za wino na karatasi. Lililonishangaza ni kwamba hakujua mashine inaweza kubuni kitabu. Kwake yeye, chochote kilichoandikwa kwenye kioo cha simu kilikuwa kimetoka mahali fulani, kama maji ya mfereji yatokavyo bwawani. Kijana huyo alikuwa na simu yake mwenyewe tangu alipomaliza shule ya msingi. Aliweza kuhariri video kwa vidole viwili huku akizungumza nami. Kwa kipimo cha mwaka wa 2001 alikuwa mwenyeji kamili, na alikuwa karibu kupewa sufuri.

Inafaa kueleza hapa kilichotokea, kwani wengi wetu tunazitumia programu hizi bila kujua zinavyofanya kazi. Programu za aina hiyo, zilizopata umaarufu mkubwa tangu ChatGPT ilipotolewa mnamo Novemba 2022, si katalogi ya maktaba. Zimefunzwa kwa kupitishwa katika maandishi mengi ajabu ili ziweze kukadiria ni neno lipi linaelekea kufuata lipi. Ukiiuliza habari zilizoandikwa mara nyingi na watu wengi, makadirio yake huwa karibu na ukweli. Ukiiuliza jambo ambalo halijaandikwa sana, haitanyamaza. Itakadiria vilevile, kwa utulivu uleule, na kukupa jina la kitabu ambalo kingefaa kuwa nalo laiti kingekuwepo. Sasa jiulize, msomaji, ni kiasi gani cha uhakiki wa riwaya ya Kiswahili kilichoandikwa mtandaoni. Uhakiki wetu mwingi umo kwenye majarida ya vyuo, tasnifu zilizofungwa kwa jalada jeusi na vitabu vilivyochapishwa mara moja vikaadimika. Mashine haikuviona. Kwa hiyo mwanafunzi wa fasihi ya Kiswahili yumo katika hatari kubwa ya kudanganywa kuliko mwenzake anayesoma fasihi ya Kiingereza, hata kama wote wawili wanatumia simu ya aina moja.

Neno kuhusu istilahi

Kabla ya kuendelea, nitaje kwamba nimetumia akili unde nikijua wapo wasemao akili mnemba, na wapo waliozoea akili bandia. Ni ugomvi wetu wa kale. Kizazi kilichotutangulia kiligombana kuhusu tarakilishi, kompyuta na ngamizi, na hadi leo mwanafunzi wa Kenya hufunzwa tarakilishi darasani, akatoka nje akasema kompyuta. Mimi sioni dhambi katika yote mawili. Ninachokiona ni kwamba istilahi zilizofaulu ni zile zilizochukuliwa jikoni na bandarini. Tunapakua faili kama tunavyopakua wali kutoka chunguni, na tunaipakia kama shehena chomboni. Hakuna mwanafunzi niliyewahi kumweleza maana ya maneno hayo mara mbili. Rununu nayo bado ni neno la mtihani zaidi kuliko la kinywani, ijapokuwa naling'ang'ania.

Kutumia na kujifunzia

Sarufi yetu ina hazina ambayo inaweza kutusaidia kulieleza tatizo lenyewe. Tunatofautisha kujifunza na kujifunzia: la pili, kwa kiambishi chake cha kauli ya kutendea, linadai chombo au mahali. Kijana wetu anajua kutumia simu. Swali ni kama anajua kujifunzia simu, na haya ni mambo mawili.

Tazama jinsi teknolojia hii ilivyomfikia. Huduma ya M-Pesa ilizinduliwa Machi 2007, na kwa muda mfupi ikaifanya simu kuwa chombo cha lazima katika kila nyumba, hata kule ambako hapakuwa na umeme. Mwaka wa 2009 nyaya za chini ya bahari za SEACOM na TEAMS zilifika Mombasa, na intaneti ambayo awali ilitegemea setilaiti, kwa bei ya kutisha, ikaanza kuwa nafuu. Baadaye zikaja simu za bei ya chini zenye kioo cha kugusa. Kwa hiyo vijana wengi wa Kenya waliingia katika ulimwengu wa dijitali kupitia mlango wa simu, si wa tarakilishi. Simu nayo imeundwa hasa kwa ajili ya kupokea: kutazama, kusikiliza, kusogeza kwa kidole, kupenda na kupitisha. Inaficha mahali faili zilipo. Haikufundishi kuandika kurasa kumi zenye vichwa, aya na marejeleo. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anapokalia tarakilishi ya maktaba kwa mara ya kwanza, huuliza maswali ambayo babu yake angeuliza: nimeandika, sasa imeenda wapi?

Matokeo yake yanaonekana kwenye vibanda vya saiba vilivyozunguka kila chuo. Wanafunzi wengi bado huandika kazi zao kwa mkono, wakazipeleka saiba zikapigwe chapa kwa malipo ya kila ukurasa. Mpigachapa huyo ni hodari wa vidole lakini hakusomea Kiswahili. Yeye haoni haja ya kibainishi cha ng', na hivyo ng'oa hugeuka kuwa ngoa. Mwanafunzi aliyetaka kusema mhusika aling'oa kitu anajikuta akizungumzia wivu na uchu. Nimesahihisha kazi ambamo aya nzima ilipotoka kwa sababu ya alama moja iliyoachwa, na mwandishi wake hakuwahi kuisoma baada ya kuilipia. Huyu naye huhesabiwa katika takwimu za vijana wanaomudu teknolojia.

Jaribio la Kisumu

Serikali haikulala. Katika kampeni za uchaguzi wa mwaka wa 2013, muungano ulioibuka mshindi uliahidi kipakatalishi kwa kila mtoto anayeingia darasa la kwanza. Mpango ulikwama katika zabuni na mahakama, ukabadilishwa, na mwaka wa 2016 vishikwambi vikaanza kupelekwa shuleni badala ya vipakatalishi. Vilitolewa kupitia ushirika wa makampuni ya kigeni na vyuo vikuu vyetu viwili, Moi na Jomo Kenyatta cha Kilimo na Teknolojia. Zaidi ya vifaa milioni 1 vilisambazwa katika shule za msingi za umma zaidi ya 20,000. Shule nyingi zilizokuwa gizani ziliunganishwa na umeme kwa ajili hiyo, na faida hiyo peke yake si haba. Taasisi ya Ukuzaji Mitaala, KICD, iliandaa maudhui. Mtaala wa Umilisi, ulioanza kutekelezwa kitaifa mwaka wa 2019, nao uliutaja ujuzi wa kidijitali kuwa mmojawapo wa umilisi saba wa kimsingi. Hata hivyo, atakayezuru shule nyingi za mashambani atavikuta vishikwambi hivyo kabatini, vimefungiwa kwa kufuli. Mwalimu mkuu anaogopa wezi, mwalimu wa darasa anaogopa kuulizwa kilichovunjika.

Tungeweza kujifunza kwa wengine. Peru iligawa vipakatalishi vidogo kwa wanafunzi wa mashambani kwa wingi kuliko nchi nyingi, chini ya mpango wa kimataifa wa kipakatalishi kimoja kwa kila mtoto. Utafiti wa Benki ya Maendeleo ya nchi za Amerika uliochapishwa mwaka wa 2012, uliohusisha shule 319, uligundua kwamba vifaa viliwafikia watoto kweli na vilitumiwa, ila alama zao za hisabati na lugha hazikubadilika. Ripoti hiyo ilikuwepo mwaka mzima kabla ya ahadi yetu.

Lakini la karibu zaidi, na ambalo kwa maoni yangu linafaa kujulikana na kila mwanafunzi wa Kiswahili nchini, lilifanyika Kisumu. Mwaka wa 2013, chini ya mradi wa usomaji wa madarasa ya chini uliojulikana kama PRIMR, watafiti walitaka kujua: tukiwa na fedha za kununulia vifaa, tumpe nani? Wakaziweka shule katika makundi. Katika kundi la kwanza, walimu wasimamizi wanaozunguka shuleni kuwashauri wenzao walipewa vishikwambi. Katika la pili walipewa walimu wa darasa. Katika la tatu wanafunzi wenyewe walipewa visomeo vya kielektroniki vyenye vitabu vya hadithi. Kundi jingine halikupewa chochote. Kisha wakawapima watoto katika kusoma Kiswahili na Kiingereza.

Makundi yote matatu yalipata matokeo bora kuliko lile lisilopewa kitu. Lakini baina ya hayo matatu hapakuwa na tofauti kubwa ya kutajwa, ijapokuwa gharama zilitofautiana mno: kumpa msimamizi mmoja kishikwambi ni rahisi kuliko kuwanunulia watoto wote visomeo. Isitoshe, yalipolinganishwa na mradi huohuo ulioendeshwa bila vifaa vyovyote, kwa vitabu, miongozo ya walimu, mafunzo na ziara za wasimamizi, faida ya ziada ya teknolojia haikulingana na gharama yake. Kwa maneno mengine, kilichomfunza mtoto kusoma kilikuwa ufundishaji, na kifaa kilisaidia pale kilipouimarisha.

Jambo la kutia moyo ni kwamba somo hili lilizingatiwa, angalau kwa upande mmoja. Mpango wa Tusome, ulioenea nchi nzima kuanzia mwaka wa 2015 kwa ushirikiano wa serikali na wafadhili wa Marekani, ulimpa mtoto kitabu cha karatasi na kumpa msimamizi kishikwambi. Msimamizi alikaa nyuma ya darasa, akaandika kwenye kishikwambi alichokiona katika somo la Kiswahili au la Kiingereza, akawasikiliza watoto wachache wakisoma, kisha akakaa na mwalimu kujadili. Yaani kwa wakati mmoja nchi hii ilikuwa na mipango miwili: mmoja uliompa kifaa mtoto, na mwingine uliompa kifaa yule anayemsaidia mwalimu. Wa kwanza ndio uliopata sherehe na kamera.

Mwaka wa milango kufungwa

Machi 2020, ugonjwa wa korona ulipoingia, shule na vyuo vyote vilifungwa. Baadhi ya madarasa yalirudi Oktoba mwaka huo, na wengine hadi Januari 2021. KICD ilipeleka masomo kwa redio ya KBC, runinga na mtandao. Nyumba zisizo na simu ya kisasa zilitegemea redio, au huduma za ujumbe mfupi kama ile ya Shupavu 291 ya Eneza, iliyokuwa ikiwatumia wanafunzi maswali na majibu hata kwenye zile simu tunazoziita mulika mwizi. Ni teknolojia duni kwa macho ya wengi, lakini ilifika kule video ilikoshindwa kufika.

Nilikuwa katika mwaka wa nne wa shahada ya kwanza. Mihadhara ya video ilitushinda wengi. Bando la wiki lilikwisha kabla ya mhadhiri kumaliza kuuliza kama anasikika. Kozi iliyonusurika ilikuwa ya fasihi simulizi, kwa sababu mhadhiri wetu aliacha video akaanza kurekodi sauti yake kwa vipande vya dakika tano tano na kuvituma katika kundi la WhatsApp. Tulivisikiliza shambani, tukajibu kwa sauti zetu, na wengine wakarekodi nyanya zao wakitamba ngano. Sijui kama kuna kozi iliyopata data ya nyanjani kwa wingi kama ile. Hakuna aliyekuwa amempa mafunzo. Alikuwa tu anaijua taaluma yake kiasi cha kutambua kwamba sauti ndiyo iliyohitajika.

Mistari myekundu

Sasa niligeukie suala la lugha nililoahidi. Mwanafunzi anayeandika kwa Kiingereza kwenye tarakilishi hupata mwalimu wa pili bure: programu ya tahajia humwonyesha makosa. Mwenzake anayeandika kwa Kiswahili hupata adui. Simu hugeuza na yake kuwa neno la Kiingereza asilolikusudia, na tarakilishi hupiga mstari mwekundu chini ya karibu kila neno. Baada ya muda jicho huzoea. Likishazoea, halioni tena kosa la kweli lililojificha kati ya makosa ya uongo. Huu ndio msingi wa nusu ya makosa ya tahajia ninayoyaona katika tasnifu, zikiwemo rasimu zangu.

Kwa nini iwe hivyo? Sababu moja ni umbo la lugha yenyewe. Programu sahili ya tahajia huwa na orodha ya maneno, na hulinganisha neno lako na orodha hiyo. Kiingereza hukubali mbinu hiyo kwa kiasi kikubwa kwa sababu neno lake halibadiliki sana. Chukua kitenzi chetu soma: wanasoma, hawakusoma, aliyemsomea, tuliposomeshwa, wasiposomeana. Kila kitenzi kina nafasi ya kiambishi cha nafsi au ngeli, cha wakati, cha urejeshi, cha mtendwa, na mnyambuliko mwishoni. Ukizidisha uwezekano wa kila nafasi, mzizi mmoja huzaa maelfu ya maumbo, na hakuna orodha itakayoyatosha yote. Lazima programu ifundishwe sarufi. Kazi hiyo ilianzwa zamani: Profesa Arvi Hurskainen wa Chuo Kikuu cha Helsinki alikuwa akiunda kichanganuzi cha maumbo ya maneno ya Kiswahili tangu miaka ya 1980. Hapa Afrika Mashariki, mradi wa Kilinux uliohusisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa OpenOffice ya Kiswahili mwaka wa 2004, na Microsoft nayo ikatafsiri programu zake kwa Kiswahili. Nyenzo zilikuwepo. Lakini nenda katika maabara yoyote ya tarakilishi chuoni, uhesabu ni ngapi zimewekwa Kiswahili. Watu wa idara zetu hawakuziomba, na watu wa mitambo hawakujua kuwa zipo.

Sababu ya pili ni uhaba wa maandishi. Mashine za leo hujifunza lugha kwa kuisoma, na Kiswahili kilichoko mtandaoni kwa wingi ni habari za magazeti na redio za kimataifa, na tafsiri za vitabu vya dini. Kazi ya kuongeza hazina hiyo si ya wahandisi pekee. Wikipedia ya Kiswahili ilianzishwa mwaka wa 2003, na leo ina makala zaidi ya 80,000, ikilinganishwa na zaidi ya milioni 6 za Kiingereza. Mwishoni mwa 2009, Google iliandaa shindano la kuandika makala za Wikipedia kwa Kiswahili miongoni mwa wanafunzi wa vyuo vya Kenya na Tanzania. Mamia ya makala yaliandikwa. Zawadi zilipokwisha kutolewa, wengi wa washiriki hawakurudi, na wahariri wachache wa kujitolea wakabaki wakisafisha tafsiri zilizofanywa kwa pupa. Nalitaja jambo hili kwa uchungu kidogo kwa sababu washiriki walikuwa wanafunzi kama sisi. Katika siku za karibuni mradi wa Common Voice wa Mozilla umekuwa ukiwaalika wasemaji wajirekodi wakisoma sentensi za Kiswahili ili mashine zijifunze kusikia. Kila anayejua kusoma anaweza kushiriki kwa simu aliyo nayo mfukoni, wala hatakiwi kuwa na zaidi ya dakika chache na mahali pasipo kelele. Sijaona chama chochote cha wanafunzi wa Kiswahili kikiliweka hilo katika ratiba yake ya mwaka, nacho hiki chetu hakijaliweka.

Somo la saa mbili

Namrudia yule mwanafunzi. Mhadhiri alimpa wiki moja aandike upya, nami nikaombwa nikae naye. Tulitumia saa mbili maktabani. Nilimwonyesha namna ya kutafuta katika katalogi kwa jina la mwandishi badala ya kuandika swali zima kana kwamba anamwuliza mtu. Nilimwonyesha hifadhi ya kidijitali ya chuo chetu, ambayo hakujua ipo, ijapokuwa ada yake inailipia. Tukaikuta tasnifu ya uzamili iliyoihakiki riwaya ileile. Ilikuwa imepigwa picha ukurasa kwa ukurasa, kwa hiyo haikuwezekana kutafuta neno ndani yake, ilimbidi aisome. Alilalamika, kisha akasoma sura mbili. Alipofika ukurasa wa arobaini na kitu aliniuliza kama inaruhusiwa kutokubaliana na tasnifu. Nikamwambia ndiyo kazi yenyewe.

Akaniuliza pia kama sasa aache kabisa kuitumia akili unde. Sikumwambia aache. Tuliijaribu pamoja: tukaiuliza kuhusu riwaya hiyo, yeye akiwa na kitabu chenyewe mkononi, tukahesabu makosa. Iliwachanganya wahusika wawili na kumhamishia mwandishi kitabu cha mwenzake. Alicheka sana, kwa kuwa mara hii alikuwa akijua. Kisha tukaipa aya aliyoiandika mwenyewe, tukaiomba imwulize maswali magumu kuihusu. Mawili kati ya maswali yaliyotoka yalikuwa mazuri, na akayajibu katika rasimu yake.

Kazi yake ya pili ilikuwa fupi kuliko ya kwanza, na lugha yake haikunyooka vile. Aliipiga chapa mwenyewe, polepole, na vibainishi vya ng' vilikuwa mahali pake. Marejeleo yalikuwa matatu, nami niliyafuata yote matatu hadi rafuni.